Kadi Inasema Bluu

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimefungua duka kama kawaida. Nimeuza chupa moja tu ya dawa ya kupe. Nani ataogesha ng'ombe asiyeweza kusimama? Wengine wanaingia kuulizia dawa ya kumtia mnyama nguvu. Dawa ya njaa sina. Hapa Arusha, mtaa mzima wa Levolosi unaongelea mvua, na mvua yenyewe haina habari na sisi.

Kaka Lazaro yuko Babati. Leo anakabidhiwa lori. Tumeuza mitamba yote kulinunua, na lazima lifike bomani Kisongo limejaa mabua ya mahindi kabla ng'ombe wa Yeyo hawajaisha. Yeyo, mama yetu, hana kitu kingine duniani. Nimemwandikia Lazaro kila kitu kwenye simu: mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, achukue kadi halisi ya gari na si kopi, akate bima mpya asitegemee ya yule aliyeuza, aangalie stika, atafute dereva mwenye leseni ya malori. Amejibu, "Sawa mwalimu." Mimi si mwalimu. Anajua inaniudhi.

Jumanne, 11 Oktoba

Yeyo kapiga simu alfajiri. Ndama mmoja amekufa.

Lazaro anasema mkataba tayari, bima tayari, mabua yameshapakiwa. Kwa nini basi hajaondoka? Eti kuna jambo dogo anamalizia. Na mimi, mjinga, sikuuliza jambo gani. Nilikuwa na mteja.

Jumatano, 12 Oktoba

Lazaro na dereva wamekamatwa njiani, Makuyuni.

Karatasi zote ziko sawa. Nimeuliza moja moja. Mkataba upo, bima ipo, leseni ya dereva ipo. Kilichokosekana ni akili. Kadi ya gari inasema bluu. Lori ni jeupe. Lilikuwa la bluu Jumatatu; Lazaro kalipaka rangi!

Trafiki akaona kadi, akaona gari, akafikiri limeibwa. Mimi pia ningefikiri hivyo. Dereva naye akatoa hela "ya soda", afande akamuuliza kama anataka kulala ndani. Sasa wote wawili wamekaa kituoni na mabua yao.

Nina hasira. Nimemrudishia mteja chenji zaidi ya hela aliyonipa.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimefunga duka, nimekwenda Makuyuni.

Lori nimeliona kabla sijafika getini. Jeupe, linang'aa kama sufuria mpya. Na juu ya kioo cha mbele, kwa herufi nyekundu: MZEE LOISHIYE. Jina la baba. Tulimzika mwaka juzi.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima nini cha kusema. Nikalisoma jina tena. Halafu nikakasirika mara mbili, kwa sababu sasa hata kumtukana Lazaro siwezi vizuri.

Anasema lilikuwa limeandikwa jina la duka la yule aliyeliuza. Asingeweza kuingiza bomani lori lenye jina la mtu mwingine, wakati limenunuliwa kwa ng'ombe wa Mzee. Nimemwambia jina lingefutwa kwa kitambaa na mafuta ya taa. Kupaka kichwa kizima cha lori kulikuwa kwa nini? Akasema jina la baba haliandikwi juu ya rangi iliyochubuka.

Tumepigiana kelele mbele ya afande. Mimi na kaka yangu mkubwa, watu wazima na wazee wa kanisa wanatujua. Afande katuacha tuchoke. Kisha akaeleza, tena kwa upole, na upole wake ukaniudhi kuliko kila kitu. Namba ya chasisi ameikagua, gari si la wizi. Lakini mtu habadilishi rangi halafu akaingia barabarani na kadi ya zamani. Tuombe mabadiliko, gari likaguliwe, kadi mpya itoke. Au turudishe bluu.

Kuomba kutachukua muda gani? Akacheka kidogo. Kesho sikukuu, halafu wikiendi.

Nimetafuta Fuso nyingine ihamishe mabua. Zote zimekodiwa, zinabeba nyasi za watu.

Nikasema turudishe bluu. Lazaro akasema yeye hafuti jina la baba yake kwa mkono wake, na hatasimama kuangalia mwingine akifuta. Akaenda kukaa nyuma ya kituo. Mzee wa miaka hamsini na mbili. Nimelala gesti, sijala.

Ijumaa, 14 Oktoba

Yeyo amepiga. Ng'ombe wawili hawakuamka leo.

Nikampelekea Lazaro simu, nikaweka sauti ya juu. Alimweleza kila kitu: jina, herufi, heshima. Yeyo akamsikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Lazaro, ng'ombe wanajua kusoma?"

Akajibu, "Hapana, Yeyo."

"Basi lete chakula."

Fundi wa rangi niliyemwita alikuja na mashine yake saa nne. Lazaro hakusimama kuangalia, kama alivyosema. Mimi ndiye niliyeangalia. Nilitaka fundi aanzie milangoni. Yeye akaanzia juu. MZEE likaondoka, kisha lile jingine, herufi kwa herufi, na mimi ndiye niliyemlipa. Namchukia Lazaro kwa kunifanya niwe mtu huyo.

Jumamosi, 15 Oktoba

Afande amekagua, ametuandikia faini, ametuachia. Nimekaa katikati ya dereva na Lazaro. Tukashika njia ya Kisongo. Dereva alijaribu kuwasha redio. Nikaizima.

Tumeshusha mabua wenyewe. Majirani wamesaidia, na wao tumewapa kidogo, maana wana njaa ileile zizini. Waliobaki wamekula. Wengine wamekula wakiwa wamelala.

Jumapili, 16 Oktoba

Sikwenda ibadani. Nimelala hapa bomani.

Asubuhi nimehesabu zizi. Yule ng'ombe mweusi wa Yeyo hayupo, aliyezaliwa na ng'ombe wa mahari yake. Jirani kaniambia alikufa jana alfajiri, sisi tukiwa bado kituoni tunasubiri rangi ikauke. Yeyo hakusema siku gani. Lazaro hakuuliza. Nilimwona anaangalia pale alipokuwa akifungwa, halafu akachukua uma wa nyasi, akaendelea kuwatupia wengine mabua.

Yeyo kampa Lazaro kikombe cha kwanza cha chai. Iliniuma. Nikanywa cha pili.

Kesho nitapita kwa wakili, niulize fomu ya kubadilisha rangi ya gari. Bluu kwenda nyeupe, kihalali, na kadi mpya. Yule fundi wa Babati aliyeandika jina la baba, namba yake ninayo, nimeichukua kwa dereva.

Lazaro sijamwambia. Bado nimemkasirikia.