Mama Mkwe Alikaa Nyuma

Jumamosi, 3 Mei

Sailensa ya zamani imetoka leo. Kutu tupu. Imebaki mikononi mwangu vipande vipande kama mkate mkavu. Nati za manifoldi, pale bomba linapoungana na injini, nimezipasha moto mpaka zikawa nyekundu, na bado mbili zimekatika. Vidole vimechunika. Nina raha ya ajabu.

Kiprono, fundi wa kuchomea vyuma pale Kimulot, ameniundia bomba jipya, pana, lililonyooka kutoka injini hadi nyuma. Nilitaka sauti. Gari la michezo la milango miwili halifai kusikika kama trekta la kubeba majani chai.

Atieno amepita na ndoo ya maziwa, akauliza mke mwenza ameamkaje. Ndivyo anavyoliita gari hili tangu nilipolitoa kwenye banda bovu nyuma ya kiwanda, kuku wakitagia ndani. Miaka minne ya Jumamosi zangu zote. Siwezi kumlaumu.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya kanisa. Mama mkwe ana miadi ya macho hospitalini Kaplong, Alhamisi ya tarehe 15. Atieno ana zamu kiwandani siku hiyo na hapati ruhusa. Alitaka tumkodishie mama teksi. Nimesema nitampeleka mwenyewe, kwa gari langu. 

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Siku ya mahari yule mama aliwauliza dada zake, kwa sauti ya kunifikia na mimi, "Kwani wanaume wa ofisini wameisha?" Mimi nilikuwa fundi wa mashine za kiwanda, kucha nyeusi kwa grisi. Bado ni fundi. Miaka imepita, ana meza yake ya samaki soko la Chepilat, ananiheshimu, ananiombea. Lakini nataka apande gari hili soko zima likiona. Nina ndevu nyeupe na hilo ndilo ninalolitaka.

Alhamisi, 8 Mei

Bomba limefungwa. Limekaa vizuri, isipokuwa gaskiti, kile kibati chembamba kinachoziba kati ya manifoldi na bomba. Kericho hakuna. Inatoka Nairobi, labda wiki ijayo. Kiprono alisema, "Ngoja kasket, Ouma. Hii kitu haitaki haraka." Nimeirudisha ile ya zamani, nikaipaka simenti ya egzosi, ile ya kuziba nyufa za bomba la moshi, nikakaza.

Kisha nikawasha. Mungu wangu. Watoto wa laini zote za nyumba za wafanyakazi walitoka mbio. Meneja msaidizi alisimamisha pikipiki yake barabarani ili asikilize. Nilijisikia mtu.

Jumapili, 11 Mei

Kuna harufu ndani. Nyuma zaidi. Nimelala chini ya gari nikaona masizi kwenye kiungo, pale pale penye gaskiti. Sakafu chini ya kiti cha nyuma pia imeliwa na kutu. Nilikuwa nimeifunika kwa kapeti. Nimekaza tena. Nimeongeza simenti.

Atieno alikaa ndani kidogo injini ikiwaka, akashuka akishika kichwa. Nimemwambia ni rangi mpya inanuka. Uongo. Mimi ndiye huwafokea vijana kiwandani wasiwashe jenereta wakiwa wamefunga milango. Ninajua moshi wa injini unafanya nini kama ninavyojua jina langu.

Mama mkwe atakaa mbele, dirisha wazi. Nimejiambia hivyo. Mimi Mjaluo, nimeoa Mjaluo, kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani wala kugusana, na nimejiambia kwamba mama mkwe atakaa bega kwa bega na mimi mpaka Kaplong.

Jumatano, 14 Mei

Gaskiti haijafika. Nimempigia simu mwenye teksi. Nikakata kabla hajapokea. Nimeosha gari mara mbili.

Alhamisi, 15 Mei

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 16 Mei

Asubuhi. Niko kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Yuko hai. Ana bomba la oksijeni puani. Hajui leo ni siku gani, ananiita kwa jina la marehemu mumewe.

Niandike kwa mpangilio, labda kichwa kitatulia.

Chepilat nilifika mapema. Nilipita sokoni polepole kuliko ilivyohitajika. Wauza samaki wenzake walipiga vigelegele. Alitoka na gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Nikamfungulia mlango wa mbele. "Asante, Baba Brian," akasema, akainamisha kile kiti, akajikunja, akaingia nyuma. Mama mkubwa vile, magoti kidevuni. Nilijua angefanya hivyo. Ningeweza kusema, mama, kaa mbele, huko nyuma kuna moshi. Nikifungua mdomo kusema hivyo nimekiri kwamba gari ni bovu. Nikafunga mlango.

Vioo vya nyuma vya gari hili havifunguki. Kile kioo kidogo cha dereva nilikuwa nimekigeuza juu, maana si adabu kumkodolea macho mama mkwe njia nzima. Kwa hiyo sikumwona. Kilichonizuia kumtazama ni heshima, na mimi ndiye niliyejua kwamba pale alipo ndipo pabaya.

Sotik nilisimama kuweka mafuta. Mvua ilianza. Nilipandisha vioo vya mbele kwa mkono wangu mwenyewe ili viti vipya visilowe. Wanaume wakakusanyika. Nikafungua boneti. Sikuzima injini, maana walitaka kusikia, na mimi nilitaka wasikie. Nikawaonyesha kabureta. Nikawaonyesha bomba. Mmoja aliuliza nimetoa wapi fundi, nikasema fundi ni mimi. Nilisimama pale mpaka mvua ikapungua. Mama mkwe alikuwa ndani muda huo wote.

Kutoka Sotik hadi Kaplong hakusema neno. Nilidhani anasali. Nilikuwa ninapiga mluzi.

Kwenye lango la hospitali nilimfungulia, hakushuka. Alikuwa ameangukia upande, macho nusu. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwa. Ametapikia ndani yake, akakifunga fundo, akakishika mapajani asichafue gari langu. Kichwa wazi mbele ya mkwe wake. Yule mama ambaye hajawahi hata kula nikimwona.

Na mimi nikasimama. Siwezi kumgusa mama mkwe, ndicho kilichonijia. Nilianza kuita wanawake waliokuwa wanapita, tafadhali, nisaidieni, mama yangu huyu. Bawabu ndiye aliyenipigia kelele: "Mzee, unangoja nini? Beba mtu!" Nikambeba. Ni mzito. Mkono wake ulikuwa unagonga mgongo wangu kila nilipopiga hatua.

Jumamosi, 17 Mei

Kuna kitu sikuandika jana.

Daktari aliniuliza nini kimetokea. Nikasema mama alikuwa mzima, akazidiwa tu njiani. Amekula nini? Nikasema chai, sijui kingine. Ana presha? Nikasema labda ni presha. Aliniuliza mara mbili kama kuna jambo lingine. Nikasema hakuna. Wakaanza kupima hiki na kile, kama ambavyo mtu yeyote angepima akielezwa hivyo.

Nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Nilijua. Kila pumzi aliyovuta pale ndani nilijua. Nilikuwa ninawaza maneno watakayosema watu wa laini: Ouma fundi kamkausha mama mkwe kwa moshi kama samaki wake. Hayo ndiyo niliyokuwa ninawaza, si yeye.

Atieno alifika na bodaboda, ameloa, bado ana kofia ya kiwandani. Alinishika mikono, akaniambia pole, Baba Brian. Pole! Ndipo nikaenda kumtafuta daktari. Nikamwambia moshi wa egzosi umeingia ndani ya gari. Hakunigombeza. Alitoka mbio. Oksijeni ilikuja hapo hapo. Ilikuwepo muda wote, chumba cha pili.

Nesi ndiye aliyemweleza Atieno. Sikuwa na ujasiri hata huo.

Jumatatu, 19 Mei

Gaskiti imefika kutoka Nairobi. Nzuri, mpya, ina kingo za shaba. Nimeifungia kabatini pamoja na vifaa vingine. Sikuweza kuishika muda mrefu.

Atieno ananipakulia chakula na kuongea na watoto. Na mimi haongei. Leo jioni tu, akikunja nguo, bila kunitazama: "Uliniambia ni rangi." Nilisubiri aongeze. Akachukua shati jingine, akalikunja. Afadhali angenitupia sahani.

Jumatano, 21 Mei

Kama nilivyojua. Kiwandani nimesikia mmoja anauliza mwenzake bei ya samaki wa kukaushwa, wakacheka mpaka wakashika mashine. Nilipopita walinyamaza. Wana haki. Ila kumbe hilo halina uchungu niliouogopa. Kwa hilo nilimwacha mama wa watu bila hewa. Kwa kicheko cha watu wawili kando ya mashine.

Kiprono alikuja nyumbani na mkungu wa ndizi. Hakusema nilikwambia. Alilitazama gari, akauliza mama anaendeleaje, akaenda. Nilitamani aseme.

Ijumaa, 23 Mei

Mama ametoka hospitalini, shemeji zangu wamempeleka kwake Chepilat. Anatembea. Anasahau maneno katikati ya sentensi, na mkono wa kushoto unatetemeka. Daktari anasema huenda akarudi sawa, huenda asirudi kabisa. Macho yatasubiri.

Atieno amesema lazima niende, kabla kaka zake hawajaniita. Amesema ni mimi nimweleze mama, si mtu mwingine. Naogopa kama mtoto.

Jumapili, 25 Mei

Nimeenda Chepilat. Kwa gari la abiria, nikatembea kipande cha mwisho kwa miguu. Atieno alikuwa ametangulia tangu jana.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao barazani, kitambaa kipya kichwani, amekifunga kwa nguvu mpaka kwenye nyusi. Shemeji wawili walikuwepo. Walinisalimia kwa mkono, baridi lakini kwa mkono. Niliwekewa kiti mbali, kama inavyotakiwa. Nikakisogeza karibu kidogo. Hakuna aliyenizuia.

Nilisema yote. Gaskiti, simenti, tundu chini ya kapeti. Kwamba nilijua kabla sijamfungulia mlango. Kwamba Sotik niliacha injini ikiwaka kwa sababu ya kujionyesha. Kwamba daktari aliniuliza nikamdanganya, na yeye amelala pale. Shemeji mdogo aliinuka katikati, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Atieno alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

Mama alisikiliza akiangalia mikono yake. Alichukua muda kutafuta maneno, mengine yalimkimbia, Atieno akawa anamwokotea.

Alisema kichwa kilianza kumuuma hata kabla ya Sotik. Alisema aliinua mkono agonge kioo tukiwa tumesimama pale. Kisha akaniona mvuani, katikati ya wale wanaume, ninacheka. Akasema hajawahi kuniona nikicheka vile, tangu siku ya kwanza.

"Nikaona una furaha, Baba Brian. Nikasema nisikuharibie."

Halafu akamwambia Atieno aniletee chai, mkwe ametoka mbali.

Chai ililetwa. Niliishika kwa mikono miwili, nikainywa yote, moto hivyo hivyo. Nilishindwa kumtazama, na safari hii haikuwa heshima.