Zawadi ya Pointi Elfu Moja

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umekupa nafasi ya kupumua. Shemeji hajambo? Na yule mwanao wa mwisho, ameacha kunyonya kidole au bado anawatoza pipi ndipo akitoe mdomoni? Mimi mwili ni mzima. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nimeanza kukudanganya, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu mdomo wangu umeshazoea njia moja: kazi zimebana, nauli imepanda, mwezi ujao Mungu akipenda.

Barua yako niliisoma nimesimama, mteja akisubiri fremu ya picha ya harusi yake. Nikagundisha pembe ikaenda upande, kosa ambalo sijalifanya tangu nianze kazi hii. Umeniambia presha ya macho imeshamla Baba pembeni kote, na sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Umeniambia daktari amesema matone yanalinda kilichobaki tu, kilichokwenda hakirudi. Kisha ukaniwekea maneno yake kama alivyoyasema: “Mwambie Msingi, kama kuna kitu anataka nikione, alete sasa.”

Msingi. Hata leo, Dada. Hajasahau.

Unakumbuka jina lilivyoanza. Nilikuwa nimeacha ushonaji, nimeacha na ukarani, nimerudi nyumbani na boksi la rangi na brashi. Baba akaweka mwiko chini, akajifuta saruji mikononi, akasema mbele yako, mbele ya shemeji na mbele ya vibarua wake, kwamba binti yake huyu ana misingi kila mahali, nyumba hata moja hana. Mlicheka. Wewe uliziba mdomo kwa kiganja, lakini mabega nilikuwa nayaona. Nikaondoka wiki ile ile, na miaka mitatu imepita.

Na mnajua nilivyoanza huku. Karakana hii sikupewa na mtu hata msumari. Nilianza na msumeno wa kuazima na meza ya miguu mitatu, wa nne ulikuwa tofali. Leo watu wananiletea picha zao, nazitia fremu na kioo, zinarudi makwao na heshima. Picha zangu mwenyewe zimesimama nyuma ya mlango zikitazama ukuta. Kinyozi hajinyoi, najua, lakini huyu wa kwenu ameota ndevu hadi kifuani.

Nilikuwa nimejiapia jambo moja. Nitamchora Baba kazini, anasimamisha ukuta, kamba ya timazi mkononi, jicho moja limefumbwa ili lingine lione kama ukuta umenyooka. Kitambaa cha kuchorea cha futi nne kwa tatu. Nitaingia na picha hiyo sebuleni, niiegemeze ukutani mbele yenu wote, nikae chini niwatazame.

Kila jioni nikafunga karakana nikiwa na sababu. Mara mwanga hautoshi, mara rangi ya kahawia imekauka, mara nimechoka, na kweli nimechoka. Mwaka jana nikasema basi, kama nafsi yangu ni mvivu nitailipa kama kibarua. Nikachukua kadibodi ngumu, ile ninayoweka mgongoni mwa fremu, nikaitundika ukutani iwe ubao wangu na kuandika bei. Kukaa mbele ya kitambaa nusu saa, pointi tano. Kuchanganya rangi, mbili. Kuosha brashi, moja. Kumaliza sehemu nzima, hamsini. Siku ikipita bila kazi, nakatwa kumi. Upande wa pili nikaandika vya kununua: soda baridi kumi, Jumapili nzima ya kulala sitini. Juu kabisa nikaandika zawadi moja ya elfu moja, na hiyo nisubirie kidogo, bado naionea haya.

Usicheke, ilifanya kazi. Ukuta wa Baba ulipanda tofali kwa tofali. Nikamaliza ndoo, nikamaliza ule mkono wake wenye kidole kilichopinda, nikamaliza kamba ya timazi hadi ukiitazama unahisi ina uzito. Nilikunywa soda mpaka nikapata kiungulia. Lakini anayejiajiri mwenyewe hujiibia mwenyewe. Siku moja nilijikuta naosha brashi safi, naziosha kwa bidii kabisa, nikiandika moja, moja, moja. Nikajikamata. Nikafuta bei ya brashi.

Nikafika mia tisa na arobaini. Kilichobaki ni uso tu, nao nilikuwa nimeupangia mia tatu peke yake. Nikakaa mbele yake. Nikachora, nikafuta kwa kitambara. Dada, sikumbuki ni jicho lipi alilokuwa akilifumba. Nimekua nikimwona akifumba jicho lile kila siku ya Mungu, na sikumbuki. Nikafumba la kulia, akawa mtu mwingine. Nikafumba la kushoto, akawa baba wa watu ananikonyeza. Picha za zamani zote amegeuza shingo, unajua asivyoipenda kamera. Ile uliyonitumia kwa simu ya shemeji, amevaa miwani myeusi ya hospitali.

Nikaacha kuigusa picha, hata kukaa mbele yake. Ubao ukaanza kunikata, kumi, kumi, kumi. Ulipofika mia sita na kumi ndipo barua yako ikaja.

Kesho yake akaingia jirani yangu, muuza vioo. Ananiita Mama Fremu, na hakuna asubuhi anayopita bila kuniuliza kama leo nimejilipa, na kama kwa bosi wangu wanatoa mkopo wa mshahara. Akanikuta nimekaa tu. Akauliza huyu asiye na uso ni nani. Nikamwambia ni baba yangu. Akashusha sauti, akauliza alifariki lini. Nikamwambia yuko hai, ni safari ya basi ya siku moja. Akaweka vioo vyake chini taratibu, akauliza sasa kwa nini nisiende nikamtazame. Nikamjibu, na maneno yalipotoka ndipo na mimi nikayasikia:

“Sijafikisha pointi.”

Alianza kucheka, kama kawaida yake. Kisha akausoma ubao, akapanda nao mstari kwa mstari hadi juu, akaweka kidole pale.

Pale juu, Dada, pameandikwa: kwenda nyumbani kumwona Baba, pointi elfu moja.

Haikuwa nauli iliyonizuia. Nauli iko ndani ya kopo la misumari tangu mwaka jana. Haikuwa wateja. Nilitafuta kitu ninachokitaka kuliko vyote, ili nisikose kukikimbilia. Nikakipata, nikakifungia. Mimi ninayepima pembe za fremu kwa unywele sikuona kwamba uso hauchoreki bila kwenda, na kwenda nimejikataza bila uso. Nimejifungia nje, ufunguo uko ndani, na fundi wa kufuli ni mimi. Baba muda wote akadhani nimenuna. Mwanzoni nilinuna, sikatai, na ule msemo wake bado unaniuma. Lakini huu mwaka wa mwisho sikununa. Nilikuwa kwenye foleni ya kumwona baba yangu, na yeye huko macho yake yakikatwa kila siku, bila ubao.

Jana nimekikata kile kitambaa. Muuza vioo alinishikia rula. Nimepiga hesabu: picha ya futi nne haiingii kwenye bomba la Baba, angeona tofali moja moja. Nimebakiza kipande cha katikati, pale palipo patupu, upana wa sahani. Kazi yangu yote ya pointi nimeirudisha nyuma ya mlango. Kipande nimekitengenezea fremu, na mgongoni nimekiwekea ile kadibodi ya ukutani, nimeikata kwa kipimo, maandishi yametazama ndani.

Naogopa, Dada. Siku zote mkono umenikimbia akiwa mbali, sijui utafanya nini akiwa mbele yangu. Sijui bomba litabaki wazi hadi lini. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Akiiona mbichi, na aione mbichi.

Barua hii inatangulia na dereva wa basi la Jumatatu, mimi nafuata Alhamisi. Msomee Baba yote, hata pale nilipomlaumu, usiruke. Asubuhi ya Ijumaa mwekee kiti karibu na mlango, penye mwanga, na mtafutie timazi lake popote lilipo. Wala usiniambie ni jicho lipi, na yeye akitaka kusema mkanyage mguu. Nataka nilione mwenyewe.

Nisalimie shemeji na watoto. Mwambie Baba namwamkia, na kwamba nakuja na msingi mwingine, ila huu tutaujengea pamoja, mkono wangu na uso wake.

Mdogo wako,
Msingi