Fagio la Darini

Kuze, Mombasa
9 Februari 1908

Kijana wangu Jaffar,

Salamu zikufike huko bara kwenye baridi, pamoja na dua zangu. Nataraji kifua hakikusumbui, na kwamba hapo Nakuru wapata chakula cha kuliwa na binadamu. Ukitaka hali zetu, mimi sijambo, Alhamdulillahi. Mgonjwa ni dari.

Tangu uondoke Septemba, hakuna aliyekanyaga kule juu, kwenye paa letu bapa la chokaa. Majani ya mti wa mkungu wa jirani yetu Abdulkadir yanaangukia kwetu, yameoza, yameziba mlizamu, maji hayana pa kutokea. Na kwenye ufa wa ukingoni umeota mtini. Niliuona kupitia dirisha la ngazi: majani matatu tu, lakini umesimama kama mwenye nyumba. Wajua mtini ukiachiwa hufanya nini. Mizizi huingia kwenye chokaa, chokaa hufunguka, maji hushukia boriti, na boriti ikishaoza hakuna tena nyumba. Marehemu babako kila mwaka kabla ya masika alipanda na fagio na kisu, asiache hata jani.

Ningemwita Charo fundi leo hii, lakini kiapo changu wakijua. Siku ile Abdulkadir alipokuja mlangoni akipiga kelele, "Mwanao amepanda asiite! Amemuona binti yangu Intisar uwani, kitwa wazi!" mtaa mzima ulisimama. Nikaweka mkono juu ya msahafu, nikasema hapandi mwanamume dari hii mpaka Jaffar aje aape kwamba aliita "Jistirini!" mara tatu ili wanawake walio uwani wajifunike, akangoja ajibiwe "Panda!" kama ada yetu ilivyo. Nilitaka kuziba midomo ya watu. Nilidhani umekwenda kupoa kwa wiki mbili, kumbe umekwenda kuandikwa kazi ya reli.

Njoo kabla ya masika, mwanangu.

Shangazi yako,
Mwanabaraka


Nakuru
2 Machi 1908

Shangazi yangu mpenzi,

Nabusu mikono yako. Barua imenifika na nimefurahi kusikia u mzima. Mimi pia ni mzima, ila asubuhi vidole vinaganda hata kalamu haishikiki. Kazi yangu ni kuandika mizigo stesheni, na mkubwa wangu hatoi ruhusa mpaka mwaka utimie.

Kuhusu Abdulkadir, mimi niliita. Kama watu wake walikuwa na maji masikioni, si kosa langu. Sirudi kusimamishwa mlangoni mwa mtu kama mwizi wa kuku. Lisha masikini kumi, iwe kafara ya kiapo chako, kisha mwite Charo apande. Nakutumia blanketi zito la huku.

Mwanao,
Jaffar


Kuze, Mombasa
25 Mei 1908

Kijana wangu Jaffar,

Salamu na dua. Blanketi limefika, ahsante, na limenifaa kuliko ulivyokusudia: nimelitandaza chini linywe maji. Kitanda nimekihamisha mara tatu. Sasa kiko karibu na mlango, nalala kama mgeni anayengoja kufukuzwa.

Masika ya mwaka huu hayana huruma. Maji yanasimama darini kama birika la msikitini, na mtini unayanywa unanenepa. Charo alikuja mwenyewe na ngazi begani. Akasema, "Mama, nipande alfajiri, hakuna atakayeniona." Nikamwambia, "Na Mungu je?" Akaondoka akitikisa kichwa, nami nikafunga mlango nikalia. Nakuambia wazi, nililia.

Na kafara usinifundishe, nilikuwa nikiijua kabla hujazaliwa. Nikilisha masikini kumi leo, kesho Kuze yote itasema Mwanabaraka amekata tamaa, amejua kwamba mwana aliyemlea ni mwongo. Bora nilowe.

Shangazi yako,
Mwanabaraka


Nakuru
11 Agosti 1908

Shangazi yangu,

Nabusu mikono yako na kukuombea afya. Barua yako imenikosesha raha. Ruhusa nitaipata mwezi wa Oktoba. Nitafika kabla ya vuli, nipande, nifagie, ning'oe mtini huo mpaka mzizi wa mwisho. Nivumilie.

Mwanao,
Jaffar


Kuze, Mombasa
17 Januari 1909

Kijana wangu Jaffar,

Salamu. Oktoba imekuja ikapita. Vuli ikaja ikapita, ikaondoka na kipande cha dari ya chumba changu, kipana kama sinia ya pilau. Bahati nilikuwa jikoni. Mtini sasa una unene wa mkono wangu, na mkono wangu umekonda. Hukuandika hata neno.

Sikukusudia kuandika haya, lakini uzee hauna subira. Siku ile nilikuwa kwenye ngazi, Jaffar. Nilikuwa nimekaa kidato cha tatu nachambua mchele. Ulinipita na fagio lako, ukanitania kwamba nimeziba njia. Mimi ndiye nijibuye "Panda!" kwa nyumba hii tangu babako yu hai. Sikujibu, kwa sababu sikusikia mtu akiita.

Nililijua hilo kabla Abdulkadir hajafika mlangoni. Sikusema, kwa sababu nilitaka ulitoe kinywani mwako mwenyewe. Ndiyo maana nikaapa vile. Nilidhani dari itakurudisha, na dari imeniangukia mimi. Basi kosa ni letu wawili.

Usije kuapa, mwanangu, utaongeza dhambi juu ya dhambi. Njoo useme kweli. Abdulkadir ni mtu wa hasira, lakini si jiwe. Juzi alinitumia tambi na tui.

Tena nimekumbuka: niliapa hapandi mwanamume. Mimi si mwanamume. Masika yakikaribia nitapanda mwenyewe.

Shangazi yako,
Mwanabaraka


Nakuru
28 Machi 1909

Shangazi yangu, mama yangu,

Nabusu mikono yako na miguu yako. Miezi miwili barua yako iko mfukoni mwangu, na kila nikitaka kuijibu naona haya.

Sikuita. Nilitaka kumwona Intisar mara moja tu, kwa kuwa nilijua babake hatanipa. Nilimwona, naye akaniona, akapiga ukelele, nikashuka mbio. Tangu siku ile nimekuwa nikikimbia. Ruhusa nilipewa tangu Oktoba. Nilifika mpaka stesheni na sanduku langu, nikarudi.

Naja, nitasema kweli mbele ya Abdulkadir na mbele ya mtaa. Usipande, shangazi. Nakuomba, usipande. Ningoje.

Mwanao,
Jaffar


Kuze, Mombasa
19 Aprili 1909

Shangazi yangu,

Sijui nikuulize hali gani, lakini ulinifunza kwamba barua isiyo na salamu ni barua ya mtu asiye na kwao. Basi, Assalamu alaikum.

Nilifika Jumatano, nikakuta mlango umefungwa, na barua yangu ya mwisho imechomekwa chini yake, haijafunguliwa. Abdulkadir ndiye aliyeniambia. Ulipanda siku mbili mfululizo. Siku ya pili mvua ikakukuta juu, hukutaka kushuka kabla mlizamu haujazibuka. Kichomi kilikushika siku hiyo hiyo. Intisar alikuuguza kwao mpaka mwisho. Walikuzika siku nne kabla sijafika.

Nilimwambia Abdulkadir kweli yote, barazani kwake, watu wakisikia. Nilitaraji anipige. Badala yake akasema, "Mamako alishanambia utakuja." Kisha akanipa ufunguo wa nyumba.

Leo nimepanda. Mtini umeukata, kisiki umekitia chumvi. Mlizamu uko wazi. Nusu ya dari umeifagia ikawa nyeupe, na fagio umelilaza pale ulipokomea.

Kabla ya kukanyaga nilisimama mlango wa ngazi nikaita, "Jistirini!" Nikaita mara tatu, kwa sauti yangu yote. Kutoka uwani kwa Abdulkadir mwanamke akajibu, "Panda!" Nikasimama nikingoja jibu la pili, la nyumba yetu. Nilingoja sana, shangazi. Kisha nikaliokota fagio, nikaanzia pale ulipoachia.

Mwanao,
Jaffar