Injini ya Gari la Baba

Msamala, Songea
9 Juni 2025

Mpendwa Dada Lidwina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya Iringa haijakusumbua kifua kama mwaka jana. Sisi hapa tunapumua. Mahindi tumeshavuna, mtoto wetu anatembea, na Mama anakula vizuri, ila daktari wa macho anasema jicho la kulia tumechelewa. La kushoto bado linaona ukungu.

Najua umepiga simu mara nyingi bila kupokelewa. Usidhani nimekudharau. Nina mambo ambayo nikianza kuyasema kwa mdomo nitayapindisha.

Bwana Ramson, yule mnunuzi uliyemtuma kutoka Dar es Salaam, alifika wiki tatu zilizopita. Nilipovua turubai alifurahi kama mtoto. Alisema Datsun ya milango miwili ya mwaka sabini na tatu, yenye viti na vioo vyake, hajaiona kwa miaka. Kisha akaomba kadi ya gari, akafungua boneti, akamulika kwa tochi, akalinganisha namba ya injini. Furaha ikaisha hapo hapo. Injini haikuwa ya gari lile. Alinieleza, tena kwa upole ulioniudhi kuliko matusi, kwamba gari la spoti halipandi bei kwa uzee tu. Linapanda likiwa limebaki kama lilivyotoka kiwandani. La Baba, alisema, sasa ni la kuuza vipuri.

Nilikasirika, Dada. Nilimkasirikia yeye na tochi yake, nikamkasirikia hata Baba kwa kulipenda lile bati. Miaka yote hii nimelifunika, nimelifukuzia panya, nimegombana na wewe kwa ajili yake. Yule daktari wa Mbinga alipotaka kulinunua mwaka juzi, ulisema liuzwe Mama afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Nikakataa. Nikakuambia kila mwaka linaongezeka thamani, tusiwe na haraka.

Safari hii nilikutumia ujumbe kwamba injini imebadilishwa, nikaishia hapo. Ukamfikiria fundi Alfani, aliyekaa na gari miezi miwili akilipaka rangi. Ukampigia ukamwita mwizi, ukaandika hivyo hivyo kwenye kundi la ukoo. Habari ikashuka mpaka Msamala. Wiki haikuisha, gereji yake ikabaki na gari moja tu, la shemeji yake.

Alfani hakuiba. Injini niliiuza mimi, kwa mtu wa Namtumbo aliyeifunga kwenye pikapu ya kubebea tumbaku. Mahari ya Dorine, mliyonisifia kwamba nimeitoa kwa jasho la mahindi, ilikuwa injini ya Baba. Nikaweka nyingine mbovu ili pasibaki wazi. Na yule daktari sikumkataa kwa sababu ya thamani. Niliogopa angefungua boneti. Yale ya bei kupanda niliyasoma kwenye simu ili nipate la kukujibu, mpaka nikaanza kuyaamini mwenyewe, huku jicho la Mama likifa.

Ijumaa nilikwenda kwa Alfani. Alinisikiliza akifuta mikono. Nikamwambia nitayasema mbele ya ukoo. Akasema, "Walionikimbia si ukoo wako. Wamekaa pale kijiweni." Nikavuka barabara, nikasimama mbele yao, nikasema. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mama naye nimemwambia. Aliuliza kama Baba alikuwa ameshafariki nilipoiuza. Nikajibu ndiyo. Tangu hapo hanisemeshi. Ramson amelichukua gari kwa bei ya vipuri. Inatosha jicho la kushoto, na tumepewa tarehe ya mwezi ujao. Tafadhali uje umpeleke hospitali, maana hataki nimshike mkono. Na mpigie Alfani.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Dorine bado hajui kwamba mahari yake ilitoka kwenye injini ile. Nikishaweka sahihi nitampa barua hii kabla sijaifunga, kwa hiyo ikikufikia, ujue ameshaisoma.

Mdogo wako,
Amedeus