Kijiwe Ndani ya Leso

Jumamosi, 26 Mei 1956
Suleiman amekuja kutoka Mombasa. Mjukuu wangu, fundi wa redio, nywele kazipaka mafuta mpaka nzi wanateleza. Hakuniletea hata haluwa. Kaniletea kisanduku cha kuning'iniza kifuani, na waya, na kidude cha kutia sikioni. Ati nisikie. Nani kamwambia sisikii? Watu wa Msambweni siku hizi wanasema kama wanatafuna — basi. Nikamuuliza kilikuwa cha nani. Cha Mzungu mmoja, amekufa. Nivae masikio ya maiti!
Nimekitupa juu ya kabati.

Jumanne, 29 Mei
Mwanangu Abdurahman amekubali posa ya Mwero wa Funzi kwa binti yake Mwanapili. Nikaha ni Ijumaa ya wiki ijayo. Huyo Mwero nimemwona. Tumbo linatangulia, mwenyewe anafika baadaye. Mwanapili hakusema neno. Au alisema. Alikuwa amenipa kisogo akiosha sufuria.
Mimi ndiye nitakayeketi naye ndani. Wanaume husimama nje ya pazia, shekhe huuliza, mwari hunong'ona, mkubwa wa nyumba hupaaza jawabu. Mwari akinyamaza, huhesabiwa ameridhia.

Jumatano, 30 Mei
Neno linanikera tangu jana. Mwaka juzi nilimjibia Mwanatumu, dada yake Mwanapili. Nilisikia kimya, nikasema ameridhia. Hakumaliza miezi minne kwa mume. Mpaka leo shikamoo yake naipata akitazama ukuta.
Nimekishusha kisanduku.

Jumapili, 3 Juni
Suleiman kanifundisha, kidevu juu kama hakimu. Ndani mna kijiwe, kimetengenezwa kwa unga ukachomwa kama chungu. Sauti inakibonyeza kidogo tu. Kikibonyezwa kinatoa umeme, umeme unapita kwenye waya mpaka sikioni. Lakini kisibanwe, anasema. Kikibanwa kwa nguvu kinazubaa. Ukikiachia pengine kitarudi, pengine hakitarudi kama kilivyokuwa.
Nikamwambia nakanda viuno vya watu miaka arobaini, hanifundishi kubonyeza. Kiuno nacho ukikikandamiza hakikwambii panapouma. Akacheka. Mpumbavu.
Kweli nasikia. Nimesikia kuku wa jirani. Nimesikia Abdurahman barazani akisema mama ana maneno mengi. Yaani miaka yote hii sikukosa kitu cha maana.

Ijumaa, 8 Juni
Nyumba imejaa. Wanawake wa Funzi wamekuja na macho yao, wanakagua mpaka mapazia. Wanione nimefungwa waya kama redio? Nikakifunika kisanduku kwa leso, nikakaza fundo kifuani. Bado kilitokeza. Nikaongeza leso ya pili, nikakaza tena mpaka pumzi ikawa fupi. Waya nikaupitisha chini ya mtandio. Safi. Hakuna aliyejua.
Shekhe akauliza. Huyo ana sauti ya kuadhini, hata kiziwi humpata. Midomo ya Mwanapili ikatikisika. Sikusikia. Akauliza mara ya pili. Ikatikisika tena. Kimya — kile kile cha Mwanatumu.
Betri ni mpya. Ndipo nikalikumbuka fundo.
Nimewaambia walio nje mwari ameshikwa na kizunguzungu, wasubiri. Wanawake wa Funzi nimewatoa chumbani. Leso zote mbili nimezifungua, mbele ya Mwanapili, kisanduku wazi. Nangoja kijiwe kizinduke. Naandika ili nisipayuke.
Kwanza hakuna kitu. Kisha mvumo, kama wa mchele ukipepetwa nyumba ya pili. Sasa nasikia bangili zake. Maneno bado.
Abdurahman anagonga mlango kwa kiganja. Watu wamesimama, anasema; mama, ameridhia au hakuridhia, jibu tu. Jibu tu! Kama naulizwa chai iwe na tangawizi. Yeye jibu lake analo tangu Jumanne ile, pamoja na lile tumbo la Funzi.
Nimemgeuza Mwanapili uso. Nimemwambia neno ambalo sijapata kumwambia mtu, hata marehemu babu yake.
"Mjukuu wangu, nyanya yako ni kiziwi. Sema kwa nguvu. Hata nje wakisikia, na wasikie."
Amekitazama kisanduku. Amenitazama mimi. Kiganja kinagonga tena, huko mlangoni, nakisikia vizuri.
Mwanapili amevuta pumzi. Ameushika mkono huu unaoandika —