Mawe Yaliyolala Kwenye Maji ya Kahawa

Jumatatu, 7 Julai

Shule imefunguliwa. Nimerudi, nimechuma kahawa mpaka jua likazama, kisha nimesugua mawe kwa mswaki wa zamani. Baridi kali. Udongo mwekundu haukubali kutoka kwenye nyufa, na siwezi kuuchokoa kwa msumari. Ni kalsaiti, madini laini, yanachubuka.

Jiwe lile angavu nimeliweka juu ya mstari wa daftari. Mstari ukawa miwili. Nikaligeuza, mmoja ukauzunguka mwenzake. Sikumwita mtu. Nilitaka liwe langu peke yangu kwanza.

Yote nimepewa na Mjomba Ambakisye, kaka yake mama. Anavunja mawe ya chokaa kule bondeni na kuyachoma kwenye tanuru. Siku moja wakati wa likizo nyundo yake ilifungua uwazi ndani ya mwamba, fuwele zimejaa pande zote. Alinitunzia kikapu kimoja. Nyingine zimechomwa. Sasa ni chokaa, ziko kwenye kuta za watu. Uwazi wenyewe haupo tena.

Jumatano, 9 Julai

Maonyesho ya sayansi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Wazazi wamealikwa. Mwalimu Sichone wa jiografia atachagua kazi moja iende Vwawa, kwenye mashindano ya wilaya. Nimemwambia naleta kalsaiti. Amesema vizuri, ila nieleze, nisipange tu kama genge la nyanya.

Tumaini, tunayekaa naye dawati moja, akasikia. "Mwenzetu analeta kokoto! Basi mimi nilete mchanga, Mwalimu alete saruji, tujenge choo."

Darasa zima likacheka. Nikacheka pia. Iliniuma.

Naitaka Vwawa. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeyapanga kitandani. Ni madini yaleyale, lakini hakuna jiwe linalofanana na mwenzake. Moja ni kama kisanduku kilichosukumwa upande kikagoma kuanguka. Yapo yaliyochongoka kama meno ya mbwa, yamesimama kwa msongamano. Moja lina rangi ya chai ya rangi, jingine la maziwa, na dogo moja la waridi ambalo ukilitazama haraka huioni rangi hiyo. Ninalolipenda kuliko yote ni la asali. Halafu lile angavu.

Bado machafu. Nachukia huu udongo.

Jumamosi, 12 Julai

Jambo kubwa. Baba hapendi mawe yangu. Husema shamba limejaa mawe na hajaona aliyeshiba kwa hayo. Leo jioni alikaa karibu nami, akalichukua la asali, akalielekeza kwenye jua.

"Hili ni kama asali ya nyuki wadogo," akasema. Kisha, "Mbona unayapeleka kwa watu na udongo, mama?"

Nikamwambia hautoki. Akaguna. Aliyageuza moja moja mpaka mwanga ukaisha.

Kesho kwaya tunaimba Mbozi Mission kutwa nzima. Nitaenda na furaha.

Jumatatu, 14 Julai

Siwezi kuandika vizuri.

Nimetoka shule, Baba ananisubiri kwenye karo tunamovundikia kahawa. Anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi. Akavuta kamba, akatoa kiroba. Mawe yangu. Aliyatia humo Jumamosi usiku, yakalala pamoja na kahawa iliyomenywa mpaka leo.

"Ute wa kahawa ulivyo mgumu unaachia wenyewe, sembuse udongo! Tazama!"

Udongo umetoka wote, kweli. Na mng'ao umetoka. Yamefifia kama kipande cha sabuni kilichotumika. Meno yamekuwa butu. La asali limefunikwa na ukungu. Lile angavu nimeliweka juu ya daftari. Sikuona mstari hata mmoja.

Nikasema, "Asante, Baba."

Nimeenda kulilia nyuma ya banda la ng'ombe.

Jumanne, 15 Julai

Maji ya kuvundikia kahawa ni machachu. Yanachoma vidole vyenye mipasuko, kila mtoto wa hapa Hasamba anajua. Na asidi inakula kalsaiti, tumefundishwa kidato cha pili. Baba hakufundishwa.

Nimepita kwa Mjomba. Hana hata kipande kimoja kizuri, isipokuwa vichenga vilivyomeguka. Nimechukua kimoja.

Nimemwonyesha Mwalimu Sichone. Akasema, "Basi hiyo ndiyo kazi yako. Eleza kilichoyapata."

Ni wazo zuri. Lakini Baba atakuwepo. Ameshawaambia majirani kwamba mawe ya binti yake ameyaosha yeye. Nisimame mbele yao niseme yaliharibiwa? Wakiuliza na nani?

Jumatano, 16 Julai

Nina hasira na Baba. Naiandika kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Kwa nini hakuuliza? Halafu nakumbuka alivyoishika kamba ile, nina hasira na mimi mwenyewe.

Nimefikiria kusema niliyatia mwenyewe. Nimefikiria kutopeleka kitu. Nisipopeleka, Vwawa basi.

Nimeazima lenzi ya maabara. Kwenye jiwe lile angavu kuna vishimo vidogo sana, vingi, na vyote vimeelekea upande mmoja, kama vimepangwa. Asidi haikula ovyo. Ilifuata jiwe lilivyojengeka. Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi. Ni vizuri. Sikutaka viwe vizuri.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemwambia. Tulikuwa kwenye chanja, tunageuza kahawa. Nilisema yote kwa mkupuo: maji, asidi, mng'ao, kesho. Mkono wake ulisimama. Hakugomba. Alisema kwa Kinyiha nikalete turubai, ukungu unashuka.

Hakula. Mama ameniuliza nimemfanya nini baba yangu. Natamani nisingesema.

Ijumaa, 18 Julai

Baba hakuwepo tulipoanza. Nilijiambia ni afadhali.

Nilipanga mawe mezani, lenzi mbele. Nikakamulia ndimu kwenye kichenga cha Mjomba, povu likatoka. Nikaeleza asidi. Nikasema haya yalitiwa kwenye maji ya kahawa ili yatakate.

Mama mmoja wa mbele akadakia, "We! Na nani huyo mjinga?" Watu wakacheka.

"Mjinga mwenyewe huyu hapa."

Sauti ya nyuma. Baba, amevaa koti lake la kanisani. Alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, cha ofisini. "Mimi ni baba yake. Nilidhani namsaidia. Na wewe mama usicheke sana, kama ungekuwa na mawe ungeyachemsha na magadi."

Wakacheka tena, kicheko kingine, hata yule mama. Kisha Baba akaniita mbele ya wote, "Mama, hebu rudia lile povu. Sisi wa nyuma hatukuona."

Nikarudia. Ndimu nyingi ikamwagika mezani. Wakasogea. Walipanga foleni kutazama vishimo.

Imechaguliwa kazi ya Tumaini, mkaa wa maganda ya kahawa. Siendi Vwawa. Imeniuma sana na bado inauma. Mkaa wake unawaka vizuri, siwezi kusema uongo.

Tulirudi kwa miguu na Baba.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada tumechambua kahawa chanjani, mimi na Baba. Tunatoa punje mbovu na kokoto. Jua dogo, upepo.

Akanipa kijiwe cheupe. "Hili je, ni la aina ile?"

Nikalikwaruza kwa kisu. Halikuchubuka. "Hapana, Baba. Hili ni gumu, ni aina nyingine."

Akaitikia kwa kichwa. Hakulitupa. Akaliweka kwenye ukingo wa chanja, upande wake, na hapo nikaona kuna mengine, ameyapanga kuanzia dogo mpaka kubwa. Nimeyatazama yote. Hakuna kalsaiti hata moja.

Nimeyaacha palepale alipoyaweka. Tukaendelea kuchambua.