Mto wa Mama Anayenikimbia

Alhamisi, 16 Mei 2013

Leo amekimbia tena!

Nimefika kwa kina Babra, kambi ya polisi Nsambya, vitenge begani kama kawaida. Nimeona mgongo wa mama yake tu. Gauni ya kijani, halafu mlango – paa! Kandambili moja imebaki nje. Moja. Ingine imekimbia naye.

Sasa mimi nimefanya nini? Nimeoga. Nimejipaka mafuta. Mama mzima, mke wa Sajini Odur, ananiona anaruka kama nimekuja kukata umeme.

Na mwaka jana huyu huyu Mama Acen alikuwa kastoma wangu! Tunabishana bei mpaka majirani wanatoka na viti. Ananiita "Kongo mwizi", namwita "mama muua biashara". Tunacheka. Halafu Babra akamwambia kwamba mimi na yeye tunataka kuoana. Kuanzia siku ile – mgongo, mlango, kandambili.

Nimemuuliza Babra, mama yako ananichukia? Amecheka mpaka ameshika ukuta. "Wewe Katembo si unajuaga kila kitu? Jua na hii."

Sijui. Lakini nitajua. Mtu akinifungia mlango, mimi nataka kujua nyuma yake kuna nini.

Nimeona kitu ingine pale sebuleni. Kiti cha mama, cha mbao, mto wake umetoboka, sponji inachungulia kama panya. Hapo ndiyo nitaingilia.

Jumamosi, 18 Mei

Nimeenda kwa jirani, Emérence, mama wa Bukavu, ana cherehani. Nimemwambia nataka kushona mto wa viraka, ule wa kuvimba, na nishone mwenyewe, kwangu, na mkono. Anasema, "Katembo, wewe uzi umeuza tu, hujawahi kuuvuta." Nikamwambia basi nifundishe wewe, chuo cha Kyambogo hawakunipa nafasi.

Somo la kwanza: usikate na macho. Kata boksi, weka juu ya kitambaa, zungusha chaki.

Mimi nilikuwa nimeshakata na macho. Kiraka kimoja kina pembe sijui ngapi, kingine kirefu kama mahubiri. Emérence ametupa vyote. Nimeanza upya na boksi la sabuni.

Babra ameniibia gauni ya zamani ya mama yake, ya maua mekundu, imechanika mgongo. Banange, gauni inasema mambo! Nje jua limekula rangi, maua yamekuwa kama chai ya maziwa. Nimefumua pindo – ndani bado mekundu, kama iko dukani! Na mfuko unanuka simsim. Mfuko wa kulia tu. Juu ya nini kulia tu? Nimempigia Babra simu. Anasema mama anatembeaga na simsim ya kukaanga, anatafuna akikasirika.

Sasa wakati tunabishana bei alikuwa anatafuna muda wote. Na mimi nilidhani ni chingamu!

Jumanne, 21 Mei

Nimejichoma kila kidole, hata vile havifanyi kazi.

Viraka vyote vimeshikana. Jana kilipungua kimoja, cha katikati kabisa. Nimefikiri, nimefikiri – nikakata shati langu la mistari ya bluu, lile nilivuka nalo pale Mpondwe siku natoka Kongo. Nikakishona katikati ya maua ya mama. Pande zote maua, mimi ndani. Akae karibu na mimi pole pole, atanizoea. Akili hii! Saa zingine najiogopa mwenyewe.

Leo ilikuwa kutia tumbo. Chini gunia ya ngano iliyofuliwa, katikati blanketi ya zamani, juu viraka. Sindano inapita zote, chini, juu, chini, juu, kando ya kila kiraka. Nilikuwa najiuliza, kazi yote hii ya nini? Sasa naona. Ukivuta uzi, kitambaa kinavimba kama mandazi! Kitu kilikuwa bapa, sasa kina mashavu. Nimeita majirani waje kuona mashavu. Wamecheka mwanaume na sindano. Wacheke.

Alhamisi, 23 Mei

Mungu wangu.

Babra amekuja kuona mto. Kwanza, "Eh, Katembo! Ni wewe umeshona?" Amebonyeza mashavu. Halafu kidole kimefika katikati.

"Hii si shati yako?"

Ndiyo, mpenzi.

"Na hii si gauni ya mama?"

Ndiyo. Tumekaa naye vizuri, si unaona?

Ameweka mto chini kama unaungua. Mkono kwenye mdomo. Nimengoja acheke. Hajacheka.

Anasema kwao Lango mkwe na mama mkwe hawakai pamoja. Hawapeani mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwa majani. Kiti amekalia huyu, yule hakikalii. "Na wewe umejishona na yeye uzi moja! Halafu umpe akukalie!"

Nikamwambia, lakini mimi bado si mkwe.

Ameniangalia vile watu wanaangalia mbuzi amefungwa juu ya boda. "Sasa unafikiri anakukimbia juu ya nini? Muuza vitenge alikuwa anamsalimia. Mkwe ndiyo anakimbiwa. Mjinga wewe! Siku ya kwanza alikufungia mlango, ndiyo siku alikukubali."

Nimekaa chini. Kumbe kila "paa" ilikuwa ndiyo! Nakubaliwa kila wiki, na mimi nanuna!

Nikauliza, na akiacha kukimbia?

Hapo sauti yake imeshuka. Siku mama atatoka mbele yangu, anipe mkono, "Habari, Kongo" – basi. Hakuna ndoa. Nimerudi kuwa muuza vitenge. Na akiona shati langu ndani ya maua yake, anaweza kutoka siku hiyo hiyo.

Nikasema tufiche mto. Haiwezekani. Babra ameshatangaza! Jumapili Sajini ananiita nyumbani, na wanawake wote wa kambi wanajua Mkongo anakuja na mto.

Ijumaa, 24 Mei

Nafumua. Kushona ni kazi, kufumua ni adhabu.

Kiraka changu kimetoka. Emérence anauliza, nani sasa anaweza kukaa pale katikati ya mama mkwe? Nikasema bwana yake, tuweke shati la kazi la Sajini. Amenipiga na rula. "Nguo ya polisi kwa mto? Jela ya Luzira utaenda bila kulipa nauli." Tumeweka sketi ya shule ya Babra, ya zambarau. Mtoto kwa mama yake. Nani atabisha?

Lakini sindano yangu imeacha matundu kwenye maua. Madogo madogo, yamezunguka sketi. Nimekwaruza na kucha, nimelowesha, nimepiga pasi. Bado yako pale pale! Mtu hivi hivi hataona. Lakini yule mama, kabla hajanunua kitenge, alikuwa anakigeuza, anakiinua kwa jua, anahesabu nyuzi.

Jumapili, 26 Mei

Naandika nyuma ya tangi la maji la kambi. Nina kiatu kimoja.

Nimefika, nimevua viatu mlangoni. Sajini Odur hana kofia leo – kumbe ana kipara! "Wewe Kongo, keti. Hapana ogopa, leo hapana kamata mtu." Chai. Nimekaa kwa benchi, mbali na kiti cha mama, hata kukiangalia naogopa. Kuna pazia. Nyuma ya pazia nasikia kutafuna.

Babra amepeleka mto huko nyuma.

Kutafuna kumesimama.

Halafu sauti ya mama, kwa lugha yao ya Kilango, fupi. Babra ametoka, uso kama amemeza jiwe. "Mama anauliza, hapa katikati kwanza kulikuwa nini?"

Sajini ameweka kikombe chini.

Uongo ninao mwingi, ndiyo kazi yangu. Umekataa kutoka. Nikasema shati langu. Nilidhani atanizoea. Sikujua. Nimelitoa.

Babra amerudi nyuma na jibu. Sajini ananiangalia tu. Mimi naangalia chini ya pazia. Kandambili zimekuja. Leo zote mbili. Zimesimama, vidole vimenielekea mimi. Halafu vidole vingine, vya mkono, vimeshika pazia. Limeanza kusogea –

Sikufikiri. Miguu ndiyo ilifikiri. Nimeruka benchi, nimemwaga chai, nimeokota kiatu mlangoni, nimekimbia mpaka hapa! Mimi! Mwanaume na ndevu! Nyuma yangu Sajini amepiga kelele kwa Kilango. Matusi au shangwe, sijui. Sajini sauti yake ni moja kwa yote.

Kule ndani wanacheka. Kicheko cha Babra nakijua. Kuna kicheko kingine, kizito, kinakohoa katikati. Sijakisikia tangu mwaka jana, tangu bei ya vitenge.

Kiatu changu kingine kiko kwao. Akikileta Babra, sawa. Akikileta Sajini, sawa, hata akinitupia kichwani. Lakini akikileta mama mwenyewe, na mkono wake...

Mlango umefunguka. Sichungulii! Mtu anakuja kwa kokoto, pole pole. Kandambili.

Sasa Babra, leo miguuni alivaa nini?